Bakuli Tupu Katika Chumba cha Kamera

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha kamera, pale Mbale, nilifunga mlango wa kabati nikabana ncha ya mpira. Mpira wenyewe ni ule mrefu mweusi tunaoupitisha mdomoni mwa mgonjwa ili tuone tumbo kwa ndani, na hospitali ilikuwa na mmoja tu. Nilikuwa nesi mpya kutoka chuoni, nimevaa viatu vinavyolia, na nilitaka kila mtu aone nilivyo mchapakazi. Sister Nambozo, mkuu wa chumba, hakunifokea. Alifungua kabati, akautoa mpira, akaikagua ncha yake kwa muda mrefu, kisha akaniambia nikae kwenye stuli nisishike kitu chochote mpaka saa sita. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu ya kwanza katika fani hii, na hata hiyo niliifanya vibaya, maana saa nne nilikuwa nimeshasimama.

Ninawaandikia ninyi mliobaki Jinja, mnaoniita Mzee Okiror na kunicheka kwamba Kiswahili ni lugha ya askari. Hamkukosea. Baba yangu alikuwa askari wa magereza kutoka Teso, mama yangu Mgisu, na katika kota za magereza Mbale kila nyumba ilikuwa na lugha yake, kwa hiyo watoto tulipigana na kupatana kwa Kiswahili. Ndiyo lugha ninayoandika bila kutoka jasho. Habari za vyeo ziko kwenye faili langu ofisini, na mwenye hamu nazo akazisome huko. Mimi nataka kueleza habari za kongosho, na jinsi mimi na daktari wangu tulivyojifunza lini tuingize mkono na lini tuutoe.

Sister Nambozo alinifundisha kuosha. Mnafikiri natania, lakini karibu miaka miwili nilikuwa mwoshaji. Maji, sabuni, brashi ndani ya kila tundu, maji tena, dawa, hewa, kisha mpira unaning'inizwa wima mpaka ukauke. Ukiruka hatua moja unaanza upya, hata kama ni hatua ya mwisho na tumbo linanguruma. Mke wangu analalamika mpaka leo kwamba kikombe kimoja cha chai kinanichukua robo saa kwenye sinki. Namwambia aliolewa na mtu aliyefunzwa kazi, avumilie.

Kitu kingine nilichokipata kwake ni desturi ya bakuli. Tulikuwa na bakuli la chuma lililopinda kama figo, na chochote tulichokitoa ndani ya mtu kiliwekwa humo, kikafunikwa kwa kitambaa, kikapelekwa nje kwa ndugu zake. Shilingi aliyoimeza mtoto. Mfupa wa samaki. Mara moja meno ya bandia ya mzee mmoja wa Bubulo, ambayo mkewe aliyadai palepale yaoshwe na kurudishwa kazini. Sister aliniambia mtu aliyeteremka mlimani na mgonjwa wake hawezi kutulizwa kwa maneno matupu. Ndugu wakiona, walipiga vigelegele, wakatushika mikono, wakarudi kwao na amani. Niliipenda sana desturi ile. Nilipohamia Jinja nilikuja nayo, na nikawa naringa nayo.

Jinja nilimkuta Dakta Gurmeet, Kalasinga aliyezaliwa mjini hapohapo, mwenye kilemba kilichonyooshwa vizuri kuliko shuka zetu zote. Kiswahili chake alikipata dukani kwa baba yake na hakukibadilisha hata baada ya kusoma ng'ambo. Aliporudi alileta ujuzi mpya, na baada ya miaka ya kuomba na kuandika barua tukapata mpira wenye ultrasaundi kwenye ncha. Mpira huo unaona kilicho nyuma ya ukuta wa tumbo. Nyuma ya tumbo ndipo kongosho lilipo.

Kwa wale wageni wa jambo hili: kongosho likiwaka vibaya, kwa pombe au kwa mawe ya nyongo, sehemu yake inaweza kufa. Nyama ile iliyokufa inabaki mwilini, inazungukwa na maji, na baada ya wiki nne hivi mwili unaijengea ukuta, ikawa kama pango. Vijidudu vikiingia humo, nyama inaoza, mgonjwa anatetemeka kwa homa, na dawa za sindano peke yake mara nyingi hazimalizi kazi. Zamani tulipasua tumbo zima, na wengi hawakurudi nyumbani. Siku hizi tunapita mdomoni, tunatoboa ukuta wa tumbo kwa ndani, na kuweka stenti, yaani bomba fupi la chuma, inayofanana na kigurudumu cha uzi wa cherehani, pana huku na huku na nyembamba katikati. Usaha unashuka kutoka pangoni kuingia tumboni, na tumbo linajua la kufanya.

Hapo ndipo ubishi unapoanza. Wako madaktari wanaosema, ukishaweka stenti, pitisha mpira ndani yake siku hiyohiyo, ingia pangoni, uvute nyama iliyokufa kwa kitanzi na kikapu mpaka pawe safi. Wako wanaosema weka stenti, simama, ngoja siku tatu, na uingie tu ikiwa homa haishuki, maana wagonjwa wengine hupona kwa usaha kutoka tu. Wataalamu wakubwa bado wanabishana na mimi siwezi kuwaamulia. Ninachoweza kusema ni nilichokishika kwa mikono yangu.

Mgonjwa wetu wa nne wa kongosho alikuwa Afande Opio, askari mwenye mwili mkubwa na urafiki wa miaka mingi na waragi, pombe kali ya kwetu. Nje kwenye korido walikaa kaka zake watatu na askari wenzake wanne, wote wima, wote wakiutazama mlango. Dakta Gurmeet aliweka stenti vizuri sana. Usaha ulimwagika kwa wingi, wa rangi ya chai ya maziwa, na mapigo ya moyo yakaanza kutulia palepale mezani. Dakta akanigeukia.

"Okiror bwana, sasa namna gani? Simama hapa ama ingia ndani?"

Nililitazama bakuli. Lilikuwa tupu. Usaha wote ulikuwa umeshuka tumboni au umenyonywa na mashine, na mimi nilikuwa nimeshawaambia wale kaka kwamba tutawaonyesha.

"Dakta, tuvute kidogo," nikasema. "Wale watu wa nje tutawaonyesha nini?"

Akaingia. Kipande cha kwanza kilitoka kirahisi, cheusi, kirefu kama kidole, nami nikakiweka kwenye bakuli kwa furaha. Cha pili vilevile. Cha tatu kilishikilia, dakta akavuta, na kioo cha kamera kikawa chekundu chote. Sijui kama mmewahi kuona kioo kikigeuka namna ile. Huoni mshipa, huoni ukuta, unaona rangi moja tu, na presha inateremka. Dakta aliingiza puto akalijaza hewa na kukandamiza mahali palepale, mkono wake hautikisiki, na mimi nikawa namhesabia dakika kwa sauti. Tulimpa damu chupa tatu. Damu ilikatika. Afande alikaa wodini wiki nyingi, akakonda mpaka magwanda yakamvaa yeye, lakini alitoka kwa miguu yake.

Nyama ile nyeusi niliwapelekea kaka zake kama nilivyoahidi. Walifurahi, wakanishukuru. Mmoja alinikumbatia. Nilirudi ndani nikiwa na aibu ambayo sikuwahi kuwa nayo kazini, hata siku ya kabati.

Jioni ile dakta alikuja chumba cha kuoshea, mahali ambapo madaktari hawaji, akaegemea sinki.

"Ile njia hapana mbaya," akaniambia. "Kuingia siku ya kwanza, mimi naweza fanya kesho tena. Lakini leo sababu ilikuwa mbaya. Pango yake maji mingi, nyama kidogo, mapigo nashuka. Mwili yake nasema simama. Sisi nasikiliza korido. Leo sisi natibu korido, bwana. Mgonjwa hapana."

Niliendelea kusugua, naye akachukua taulo akakausha vyombo pamoja nami, kazi ambayo aliifanya vibaya sana na nikalazimika kuirudia alipoondoka.

Tangu siku ile tulikuwa na utaratibu, na huu ndio ninaotaka muutunze hata mkinisahau mimi. Kabla mgonjwa wa kongosho hajapewa dawa ya usingizi, daktari anaandika kwenye ubao ukutani: tunafanya nini leo, tunaishia wapi, na jambo gani litatufanya tuingie. Inaandikwa wakati hakuna usaha, hakuna damu, na mlango umefungwa. Ubao ule ulinunuliwa kwa ajili ya zamu za usafi, na mpaka leo pembeni imebaki orodha ya watu waliotakiwa kupiga deki.

Msidhani baada ya hapo tuliamini kungoja peke yake. Alikuja mwalimu mmoja wa Bugembe ambaye pango lake lilijaa nyama ngumu, maji hakuna, na ukuta umekomaa. Ubao uliandikwa "ingia leo", tukaingia, tukavuta kwa saa nzima na zaidi, na wiki iliyofuata alikuwa akisahihisha madaftari kitandani. Kama tungengoja naye, stenti ingeziba na tungemrudisha mezani mara nyingi bure. Vilevile tulikuwa na kijana tuliyemngojea siku tatu kama ubao ulivyosema, homa ikagoma, na tukaingia mara nne kabla hajapona. Njia zote mbili zinafaa, na zote mbili zinachosha mgongo wa nesi anayeshika kitanzi. Nilichoacha kabisa ni bakuli kwa wagonjwa wa kongosho. Mifupa na shilingi niliendelea kuonyesha, maana furaha ya watu siipingi.

Mwaka wangu wa mwisho kazini aliletwa Isabirye kutoka Buwenge. Ni baba wa pacha, ndiyo maana anaitwa hivyo, na mkewe anaitwa Nabirye kwa heshima hiyohiyo. Mtu wa kuuza vipuri vya baiskeli, mkimya, mwenye mawe ya nyongo yaliyomwasha kongosho. Wiki tano alikuwa akilazwa na kutolewa, na alipofika kwetu alikuwa akitetemeka mpaka kitanda kinalia. Skani ilionyesha pango kubwa, maji mengi, vipande vichache vya nyama. Dakta aliandika ubaoni: "Stenti. Simama. Siku tatu. Ingia kama homa haishuki au presha ikianguka." Tukaweka stenti, usaha ukashuka, tukasimama.

Nabirye alikuwa mlangoni. Mama mfupi, mwenye gauni la gomesi la kijani na sauti ya sokoni, na kwake kila mtu wa hospitali ni musawo, daktari.

"Musawo, munatoa nini?"

"Tumefungua njia, nyabo. Usaha unatoka."

"Iko wapi? Mimi nataka ona."

"Unaingia ndani ya tumbo, halafu unaenda na choo."

"Sumu inatoka nyuma ya tumbo, munaweka kwa tumbo? Musawo, wewe pia ungekubali hiyo?"

Nilimweleza kuhusu asidi ya tumbo, kwamba ni kali na inayeyusha, na kwamba tumemsimamishia hata vidonge vya kuipunguza ili ifanye kazi hiyo. Alisikiliza yote. Kisha akasema shemeji yake yuko Kampala na anajua mahali wanapopasua mtu na kuonyesha kila kitu walichotoa, na kwamba kesho kutwa shemeji anakuja na gari.

Nilijua maana yake. Mtu wa homa ile, na stenti siku mbili tumboni, kupakiwa kwenye gari na kupasuliwa upya mahali pengine, hakuwa na nafasi kubwa. Nilimwomba aniachie siku tatu.

"Na kama yeye nakufa siku ya pili?"

Sikuweza kumwambia haitatokea. Nilimwambia nitakuwa pale. Lilikuwa jibu dogo, naye aliliona hivyo.

Siku ya kwanza homa haikushuka. Nabirye alianza kukunja shuka na kuzipanga kwenye beseni la plastiki, polepole, ili nione. Siku ya pili homa ilikuwa palepale. Presha ilisimama vizuri, mapigo yamepungua kidogo, lakini mapigo hayaonekani kwa macho, na Isabirye bado alikuwa anatetemeka. Nilimchukua Nabirye mkono nikauweka kwenye kifundo cha mkono wa mumewe, nikamfundisha kuhesabu pamoja na saa yangu. Hakusoma shule sana, lakini mtu wa sokoni kuhesabu haimshindi. Nikamwambia namba ya jana. Akahesabu mara mbili, akanirudishia saa. Beseni lilibaki limepangwa.

Adhuhuri dakta aliniita kando. Alikuwa amevua miwani, na hufanya hivyo anapochoka.

"Okiror bwana, huyu mama nafunga mizigo. Sisi naweza ingia leo. Vuta mbili, tatu, yeye naona, yeye nabaki. Kama yeye naenda, mgonjwa nakufa njiani. Hiyo pia sababu, au siyo?"

Na ilikuwa sababu kweli, hapo ndipo penye ugumu wake. Safari hii kuionyesha familia kungeweza kumwokoa mtu. Nilisimama pale nikiwa na hofu, na sioni aibu kuiandika. Nilifikiria kioo chekundu. Nilifikiria pia gari barabarani na Isabirye amelazwa kiti cha nyuma.

"Ubao unasema siku tatu, dakta," nikasema mwishowe. "Presha imesimama, mapigo yanashuka. Kama ni kubaki, huyo mama niachie mimi. Nitakaa naye."

Dakta aliutazama ubao, akavaa miwani. "Basi kaa naye," akasema.

Nikakaa naye. Sikumhubiria. Kila saa moja tulihesabu mapigo pamoja, yeye mkono wa kushoto na mimi wa kulia, kisha tulilinganisha, na alinizidi kwa usahihi mara mbili nikiwa nimesinzia mchana ule. Alinieleza habari za pacha wake, kwamba mmoja ni mkaidi na mwingine anajifanya mpole, na yule anayejifanya ndiye wa kuogopa. Nilimwambia habari za meno ya bandia ya Bubulo. Alicheka kwa mara ya kwanza, halafu akakasirika kwamba nimemchekesha.

Asubuhi ya siku ya tatu nilifika saa moja. Isabirye alikuwa ametokwa jasho mpaka godoro limelowa. Nilipima joto, nikatikisa kipimajoto, nikapima tena. Homa ilikuwa imeshuka. Alifungua macho akamwambia mkewe, kwa Kisoga, jambo lililomfanya ainuke ghafla.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anauliza kama samaki iko," akasema Nabirye. "Siku kumi hakuuliza chakula."

Saa tatu shemeji aliingia na dereva, wamekuja na machela ya kukodi. Mtu mrefu mwenye funguo mkononi. Aliuliza kama wako tayari. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nianze maelezo yangu ya asidi na stenti, lakini Nabirye alinipita, akasimama katikati ya mlango.

"Rudisha gari," akamwambia.

"Wao wametoa nini? Umeona?"

"Mimi sikuona kitu. Rudisha gari. Mume yangu nataka kula."

Shemeji aligombana kidogo, kwa kuwa ametoka mbali na mtu aliyetoka mbali lazima agombane. Kisha akaingia, akamshika kaka yake paji la uso kwa kiganja, akakiacha hapo, na funguo akazitia mfukoni. Samaki hatukumpa. Tulimpa uji mwepesi nusu kikombe, naye aliulalamikia, na lalamiko lile lilinifurahisha kuliko sifa zote nilizowahi kusomewa kwenye sherehe za hospitali.

Hatukuingia pangoni mwa Isabirye hata mara moja. Wiki ya nne skani ilionyesha pango limefunga, na stenti lazima itoke kabla haijaanza kukwaruza mishipa, kwa hiyo tuliivuta asubuhi moja na nikaitupa pamoja na glavu. Nilitoka kwenye korido kumwambia Nabirye kwamba tumemaliza. Hakuuliza tumetoa nini. Alikuwa ameshika shati safi la mumewe, ananisukuma kando ili apite, akimwita kwa sauti kubwa aamke haraka avae, teksi ya Buwenge isije ikawaacha.